Kifo Yakinifu cha Mheshimiwa Makamu

Nchi ninayoisimulia msiniulize iko wapi. Ukitoka kwenu ukanyoosha moja kwa moja utaipita, na ukirudi nyuma kidogo utajikuta umo ndani yake. Mimi naishi humo, naitwa Sudi, ni mtumishi wa serikali, na kila nitakachosema ni sifa tupu kwa viongozi wetu. Atakayecheka, amecheka kwa hiari yake.

Mambo yalianza Mtukufu Mkuu wa Nchi aliporudi safari. Alikuwa amekwenda ng'ambo kutibiwa jino, na wenyeji wake wakamtembeza kwenye Maonyesho ya Dunia, yale ambayo mataifa hujenga mabanda makubwa ya vioo na kuonyeshana werevu wao kwa miezi sita. Banda letu nalo lilikuwepo. Ndani yake mlikuwa na kikapu, ngoma na kijana wetu mmoja amelala. Mtukufu alipouona ule umati, jino likapoa papo hapo. Siku aliposhuka kwenye ndege, hata zulia jekundu hajalimaliza, akatangaza kwamba maonyesho yajayo yatafanyika kwetu, katika mji wetu mkuu. Sisi tuliokuja kumpokea tukapiga makofi kwanza, kisha ndipo tukaulizana amesema nini.

Sasa wenye maonyesho yao wana kanuni. Wanataka kwanza ufanyike upembuzi yakinifu, yaani watu wakae, wapime, waseme kama jambo linawezekana au haliwezekani. Mtukufu hakuona ubaya. Akaunda kamati, akaipa kazi moja: kuchunguza kwa uhuru kamili ni kwa kiasi gani inawezekana. Mwenyekiti akawa Waziri wa Sifa za Taifa, Mheshimiwa Daktari Chongoma, aliyetunukiwa udaktari na chuo alichokifungua mwenyewe. Katibu nikawa mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri na sina mjomba wa kunikinga lawama zikija.

"Ndugu wajumbe," Waziri alituambia siku ya kwanza, akiwa amesimama ingawa tulikuwa watano tu, "dunia inatuangalia! Wapo watakaouliza, je, tuna maji? Je, tuna umeme? Hao ni watu wasioitakia mema nchi yetu. Mzalendo haulizi kama kuna maji. Mzalendo anauliza, hivi kiu yenyewe ni ya lazima?"

Tukampigia makofi, tukaingia mjini kupembua.

*

Jamani, tulipembua. Mamlaka ya Maji walitukaribisha kwa soda, maana maji ya kunywa hayakuwepo. Kwenye Shirika la Umeme, mkurugenzi alikuwa katikati ya kutueleza jinsi gridi ilivyo imara pale taa zilipozimika, akamalizia hotuba yake gizani bila kukosea hata neno, tukajua kwamba ana mazoezi. Uwanja uliopendekezwa ulikuwa bonde la Kwa Chura, ambako masika hujaa maji na kiangazi hujaa wanasiasa wakiahidi kuyaondoa. Choo cha umma cha pale stendi tulikikuta kimefungwa, na mwenye ufunguo yuko likizo ya uzazi.

Nikawa naandika: hakuna, hakuna, hakuna. Waziri akachungulia begani kwangu.

"Sudi, hilo neno ni la wapinzani. Andika 'tarajiwa'."

Basi nikaandika: maji tarajiwa, umeme tarajiwa, barabara tarajiwa, choo tarajiwa. Taarifa ikapendeza mno. Tungeifunga pale pale tukaenda zetu, lakini habari ikaja kwamba wakaguzi wa dunia wako njiani, na mkuu wao ni mama mmoja mrefu anayeitwa Bibi Hedvika, mwenye tabia mbaya ya kufungua bomba kwa mkono wake mwenyewe.

Kikao cha siku hiyo kilikuwa kizito. Mheshimiwa Waziri alikuwa anapangusa jasho na tai. Mimi, wallahi, nilisema tu ili kimya kisizidi.

"Mbona alipokufa Jaji Mkuu maji yalitoka?"

Wote wakanigeukia. Nikadhani kazi imekwisha, nikaanza kukusanya kalamu zangu. Lakini Waziri alikuwa amefumba macho kama mtu anayesikia harufu ya pilau kutoka jirani.

"Rudia," akasema.

Na ndivyo ilivyo. Nchi yetu hakuna kitu inachokiweza, ila msiba. Akifa mtu mkubwa, mashimo ya barabarani yanazibwa kabla mwili haujapoa. Maturubai yanasimama yamenyooka, viti vinatoka visikojulikana, maji yanatoka, umeme haukatiki, na umati wa watu unakula ukashiba bila mtu kupiga kelele. Hata mawaziri wanafika kwa wakati. Mtu akichelewa harusi husemwa ana shughuli nyingi, lakini akichelewa msiba, husemwa anajua kitu.

"Kwa hiyo," akasema Waziri, na sauti yake ilikuwa imerudi, "uwezo tunao. Kilichopungua ni maiti."

*

Kumpata wa kufa ikawa mtihani. Mjumbe mmoja alimpendekeza Jaji Mkuu, tukamkumbusha kwamba huyo alikwisha tangulia. Mwingine akanitazama mimi kwa jicho la huruma, lakini Waziri akamkatiza: "Sudi akifa hata uchochoro wake hautafagiliwa." Nilishukuru na kuumia kwa pamoja.

Alitakiwa mtu mkubwa kiasi cha kuwekewa lami, ila asiwe na kazi yoyote, serikali isije ikasimama. Tukafikiri. Halafu tukasema wote kwa sauti moja: "Makamu!"

Makamu wa Mkuu wa Nchi, Mheshimiwa Mwinyikambi, alikuwa mtu mpole aliyekaa cheo cha pili miaka mingi mpaka watu wakasahau kwamba kipo. Kazi yake ilikuwa kwenda pale ambapo Mtukufu hataki kwenda, akate utepe, arudi. Kila alipopewa kipaza sauti alikuwa na ombi moja: wodi ya wazazi ya Mchikichini inavuja, mama anajifungua huku ananyeshewa, tafadhali iezekwe. Kila mara alijibiwa kwamba ombi limepokelewa. Lilipokelewa mara nyingi sana.

Tulimkuta nyumbani kwake amepiga magoti kwenye tuta la mchicha. Mkewe, Bi Mize, alikuwa barazani anachambua kunde.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, wanangu, karibuni. Leo nafungua nini?" Akaanza kupapasa mfukoni kutafuta mkasi.

Waziri akaketi, akamweleza. Alieleza kwa heshima, akataja taifa, akataja mashujaa, akataja vizazi vijavyo, na humo humo katikati akalipachika neno kufa.

Bi Mize akaacha kunde. "Ati nini? Wewe Chongoma, nimekuona ukikimbia uchi mvuani, leo umevaa suti ndiyo unakuja kuniomba mume? Watu huazima kinu, watu huazima ungo. Mume haazimwi!"

"Ni siku chache tu, mama. Wageni wakipanda ndege, Mheshimiwa anafufuka. Neno langu."

"Neno la Chongoma!" Bi Mize akafyonya mpaka kuku wakakimbia.

Lakini Makamu alikuwa amenyanyuka, magoti yana udongo, macho yanang'aa. "Bi Mize, ngoja kwanza. Miaka yote hii taifa halijawahi kuniomba jambo ambalo mwingine hawezi kulifanya." Akamgeukia Waziri. "Nitakufa. Ila naomba nirudi upesi, maana mchicha huu bila mimi unakauka, na mke wangu huyu sijazoea kulala mbali naye."

Alisema hivyo mbele za watu bila haya, na Bi Mize akainama akaendelea na kunde asionekane uso.

*

Tangazo la kifo lilisomwa redioni likisindikizwa na kinanda cha huzuni. Ah, ndugu zangu, mngeuona mji wetu! Lami ilimwagwa hadi makaburini, ikiwa bado moto inanata viatuni. Taa za barabarani ziliwashwa hata mchana, kwa heshima ya marehemu. Mwenye ufunguo wa choo cha stendi alikatiza likizo, akaja na mtoto mgongoni. Picha ya Makamu ilibandikwa kila nguzo, ile ya ujanani mwake, ana nywele nyingi na shavu limejaa, maana nyingine hazikupatikana. Hakuna aliyewahi kumpiga picha ambayo Mtukufu hakusimama mbele yake. Yeye mwenyewe tulimficha kwenye banda la uani, tukamwachia redio, na Bi Mize akakalishwa eda ndani.

Bibi Hedvika alifika. Alifungua bomba la hotelini kwa ule mkono wake mbaya, maji yakamrukia mpaka kifuani, akacheka. Alijifunza Kiswahili chuoni, kisafi kuliko cha Waziri, kwa hiyo hatukuweza kumdanganya kwa mkalimani. Akauliza umati ule unakwenda wapi. Tukamwambia kuna shughuli ya mtaa tu, ya kawaida. Akasema anataka kuiona.

Pale msibani alimkuta dada yake Bi Mize anasimamia masufuria ambayo mtu angeweza kuogelea ndani.

"Mama, nani amewaalika watu wote hawa?"

"Kualika?" Yule dada alimshangaa. "Msiba haualikwi, mwanangu."

"Basi mmejuaje watakuja wangapi?"

"Tumepika. Watakaokuja ndio hao hao. Kaa hapo ule, umekonda wewe."

Akatiwa sahani mkononi, akasukumwa mkekani. Akawa anatazama wanaume wanavyopokezana kubeba viti bila kuamriwa, wasichana wanavyonawisha watu maji, foleni ndefu inavyokwenda bila askari. "Msimamizi mkuu ni nani?" akauliza. Akaambiwa hakuna. Bibi Hedvika akaweka sahani chini, akalia. Alisema amezunguka dunia nzima hajaona uratibu kama ule. Akina mama hawakujua uratibu ni nani, lakini mgeni akilia hawezi kuachwa alie peke yake, wakaanza upya wote.

Ndani ya jeneza tulikuwa tumelaza gogo la mgomba. Lilipigiwa mizinga.

Hapo makaburini ndipo Waziri Chongoma alipotuletea balaa. Kwetu hotuba ya mazishi isiyo na wosia ni chai isiyo na sukari. Kila mzungumzaji hudai kwamba yeye ndiye wa mwisho kusema na marehemu. Basi Waziri akashika kifua.

"Alinishika mkono! Akaniambia, Chongoma, mimi naondoka, lakini wosia wangu ni maji. Wananchi wangu wasikose maji!"

Watu wakaangua kilio. Nikamwona Mkurugenzi wa Maji, safu ya pili, ameloa jasho kama aliyetoka kuoga. Alikuwa na haki ya kuogopa. Amri ya waziri unaweza kuikalia hadi waziri abadilishwe, na ahadi ya Mtukufu kila mtu anajua ilivyo, lakini wosia wa marehemu nani ataupinga? Usiku utalalaje?

Jioni nilikwenda bandani. Makamu alikuwa amezima redio, amekaa kitako.

"Sudi, hivi mimi nilisema hayo ya maji?"

"Ulisema, Mheshimiwa."

"Nilisema vizuri," akasema.

*

Wageni wakapanda ndege wakitabasamu. Kesho yake asubuhi Makamu akavaa suti yake, akaja kwenye kikao chetu ili afufuliwe. Hakuna aliyemwachia kiti, kwa sababu kumpa kiti kungekuwa kukiri kwamba yupo. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Mheshimiwa marehemu," Waziri akamwambia kwa upole, "majibu ya wale wageni bado. Yule mama anaweza kurudi wakati wowote. Isitoshe, serikali haikosei juu ya kifo cha mtu. Ikisema umekufa, umekufa."

"Lakini ninyi si mnajua kuwa sijafa?"

"Kujua ni kitu kimoja. Kutangaza ni kitu kingine. Pumzika kwa amani, Mheshimiwa."

Nilimsindikiza. Njiani tulipishana na wapiga kura wake wengi, hakuna hata mmoja aliyemtambua. Mzee mwenye upara na suti iliyochakaa hafanani na kijana wa kwenye nguzo. Tulipofika uani akasimama anautazama mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Sudi, mwanangu, ninachotaka mimi ni kuingia pale kwa mlango wa mbele, nikae na Bi Mize, nile naye sahani moja. Kingine sitaki. Naogopa nikiendelea hivi hata mimi nitazoea."

Bi Mize naye alikuwa na yake. "Namsikia uani anakohoa," aliniambia kupitia dirishani, "na mimi huku nimejifungia, wanawake wanakuja kunipa pole. Nimepewa pole mpaka nimeanza kumlilia kweli. Hii ni adabu gani, Sudi?"

Nilirudi nyumbani kwangu kwa aibu, nikafungua bomba, maji yakatoka. Ndipo nikashtuka. Msiba ulikwisha, maturubai yameanuliwa, taa za mchana zimezimwa, mwenye ufunguo wa choo karudi likizoni kwake, na maji bado yanatoka! Mkurugenzi wa Maji aliogopa kuyakata. Kila alipoushika ule mkono wa bomba kuu, aliona marehemu anamwangalia.

Nilimweleza Makamu. Akasema, taratibu, "Kama neno nililosingiziwa limeleta maji, hebu nipelekee na moja la kweli."

Nikalipeleka redioni, pale dirishani wanapopokea matangazo ya vifo. Likasomwa mara baada ya hayo: wosia wa nyongeza wa marehemu, kwamba wodi ya wazazi ya Mchikichini iezekwe. Hakuna aliyeuliza umepatikana wapi. Wiki haikuisha, mabati mapya yakawa yanang'aa juu ya wodi. Makamu alikwenda kuyatazama kwa miguu, akasimama nje ya ukuta mpaka akasikia kichanga kinalia ndani, pakavu.

Baada ya hapo hakushikika. Akaagiza madawati, yakaja. Akaagiza bonde la Kwa Chura lichimbwe mifereji, likachimbwa, na vyura wakahama. Mtu aliyekuwa hasikilizwi hata akiomba chumvi mezani, sasa akikohoa, wizara tatu zinaamka. Akanenepa. Bi Mize akawa anampitishia chakula dirishani huku kageuza uso, lakini sahani zilikuwa zinazidi kujaa.

"Ulipokuwa hai, kuniletea fundi bomba kulikushinda," nilimsikia akimwambia. "Umekufa, mtaa mzima unanishukuru mimi."

"Ndiyo ukubwa huo, Bi Mize."

"Ukubwa gani, na kulala kwenye banda la kuku!" Lakini alikuwa anacheka.

*

Kosa letu lilikuwa wosia wa njia. Makamu alipokuwa hai aliwahi kukwama kwenye teksi na mama mwenye uchungu wa kuzaa, msafara wa Mtukufu unapita, njia imefungwa. Hakuwahi kulisahau. Basi redio ikasoma: msafara wowote usifunge njia ya wananchi.

Polisi wakatii. Mtukufu, kwa mara ya kwanza tangu ashike nchi, akasimamishwa njia panda. Mbele yake palikuwa na mkokoteni wa juisi ya miwa, na mwenye mkokoteni hakuwa na haraka. Mtukufu akawa anatazama nje kupitia kioo, akaona kwenye ukuta wa duka pameandikwa kwa rangi: MAREHEMU, TUNAKUTEGEMEA. Hapakuwa na picha yake Mtukufu hata moja.

Tuliitwa ikulu kamati nzima.

"Huyo marehemu," Mtukufu alisema, na jino lilikuwa limemrudia, "ni hatari kwa usalama wa taifa. Afufuliwe leo hii!"

Tukaenda mbio. Waziri aliingia uani mikono kainyoosha. "Hongera, Mheshimiwa! Amri imetoka. Uko hai!"

Makamu alikuwa amepiga magoti kwenye mchicha wake, anamwagilia. Hakunyanyuka.

"Mimi nimekufa," akasema. "Niacheni nifanye kazi."

"Mheshimiwa, unakataa amri ya kuwa hai?"

"Miaka yote niliyokuwa hai mlinisikia lini, Chongoma?"

Waziri akaona ameshindwa huku, akageukia dirishani. "Bi Mize! Mama! Mumeo huyo, tunakurudishia kama tulivyoahidi. Toka eda, mama. Mwambie akubali."

Dirisha likafunguka. Bi Mize alitokeza mwenyewe, mwili mzima, amevaa nguo zake za eda, akamtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Makamu akasimama na kopo lake la maji. Nilijua anachokitamani. Nilikwisha kusikia kwa kinywa chake: mlango wa mbele, sahani moja. Kama Bi Mize angemwita tu, angekwenda, na nisingemlaumu.

Bi Mize alimtazama, akalitazama bomba la pale uani, ambalo lilikuwa linatiririka. Akafuta macho kwa upindo wa nguo.

"Mume wangu," akasema, "mimi eda naiweza." Akafunga dirisha.

Nikageuza uso, maana mimi ni mtumishi wa serikali na siruhusiwi kulia nje ya ratiba.

*

Bila shaka hawakumsubiri akubali. Saa ya taarifa ya habari ilipofika, redio ikatangaza kwamba kufuatia uchunguzi wa kina, serikali imebaini Makamu hakufa, bali alikuwa likizo, na wananchi waliolia wanaruhusiwa kuacha. Mimi nilikuwa bafuni, nimejipaka sabuni kichwa kizima. Baadaye niliambiwa kwamba Mkurugenzi wa Maji alipiga simu ikulu, akauliza, "Yuko hai kweli?" Akajibiwa, "Yuko hai." Akasema, "Alhamdulillahi," akaenda akakata maji.

Bomba langu likakohoa mara mbili, likanyamaza. Nikabaki na sabuni machoni.

Bibi Hedvika alirudi wiki ile ile kutia saini. Alifungua bomba la hotelini, likamtolea upepo. Aliketi na kamati mezani akauliza ule mji aliouona uko wapi. Waziri akamwambia upo, umepumzika tu.

"Bwana Sudi," yule mama akanigeukia, "wewe niambie. Kinahitajika nini ili hali irudi kama ile?"

Nilikuwa sijaoga vizuri siku kadhaa, na hasira zilikuwa karibu. Nikasema, "Anahitajika kufa mtu mkubwa, mama."

Akafikiri. "Na maonyesho ni miezi sita," akasema, na macho yake yakaanza kuzunguka meza, taratibu, kutoka kwa mheshimiwa mmoja hadi mwingine. Sijawahi kuona viongozi wetu wakikumbuka kwa haraka namna ile kwamba wao si watu wakubwa. Mmoja alisema yeye kwa kweli ni karani tu. Waziri Chongoma alisema udaktari wake ni wa heshima. Maonyesho yakapelekwa nchi nyingine, na taarifa yetu, ambayo ninayo, inasema kwamba inawezekana.

Makamu akarudi nyumbani kwake kwa mlango wa mbele. Bi Mize alimpikia, wakala sahani moja, na nadhani hilo lilikuwa jema. Akarudishiwa mkasi wake. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kufungua kisima cha Kwa Chura, ambacho kilikuwa hakijachimbwa, ila utepe ulikuwepo. Nilikwenda naye. Alisema maneno mazuri juu ya maji, nusu yake kipaza sauti kikiwa kimezimika, na watu, ambao kwao marehemu alibaki yule kijana wa kwenye nguzo, waliendelea kuzungumza habari zao. Mwisho akakata utepe, akarudisha mkasi mfukoni, akaja kusimama nami pembeni.

Pale pembeni palikuwa na mwanamke mtu mzima amekaa juu ya ndoo tupu. Alimwona mzee mwenzake mwenye suti iliyochakaa, akamsogezea ndoo ya pili akae.

"Tumechoka, baba," akamwambia. "Angekuwepo marehemu tusingeteseka hivi. Yule alikuwa mtu. Mungu amlaze mahali pema."

Makamu alimtazama yule mama kwa muda. Nilidhani atasema yeye ni nani. Alivua kofia, akaketi juu ya ile ndoo.

"Amina," akajibu.